Ukuta Wako Uko Wapi?

Nilipowasilisha pendekezo la utafiti wangu wa shahada ya uzamili, swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa fupi: "Ukuta wako uko wapi?"

Aliyeuliza hakuwa na ubaya. Nilikuwa nimeandika kwamba nataka kuchunguza urithi wa utumwa katika Kyela na ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Mwenzangu aliyenitangulia alikuwa na magofu ya Kilwa Kivinje, na mwingine alikuwa na Bagamoyo. Mimi nilikuwa na ramani niliyoichora mwenyewe na orodha ya wazee sita wa kuzungumza nao. Mhadhiri alipekua kurasa zangu mpaka akafika kwenye kipengele cha "jengo au eneo linalohusika", akakuta nimekiacha wazi.

"Urithi unaohifadhiwa lazima uonekane," akasema. "Ushikike."

Nilijibu kitu ambacho hata sasa sikikumbuki vizuri, nikaketi. Lakini usiku ule nilikiri moyoni kwamba ameniweza. Kwetu hakuna ukuta. Nimezaliwa kilomita chache kutoka Matema, na katika utoto wangu wote sikuwahi kuona jiwe moja ambalo mtu mzima alinionyesha akasema, hili lilibebwa na mtumwa.

Kyela si nchi ya mawe. Bonde lote ni udongo ulioletwa na mito, Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na ndiyo maana mchele wetu unasifiwa mpaka Dar es Salaam. Mawe yako juu, kwenye Milima ya Livingstone. Chini, wazee wetu walijenga kwa mianzi na udongo. Mskoti Joseph Thomson alipofika kaskazini mwa ziwa mwaka 1879, alizisifu sana nyumba hizo na usafi wa vijiji vyake. Hakuna hata moja kati ya nyumba alizoziona iliyosimama leo. Mwanzi hauishi miaka mia, na mvua za Kyela hazina huruma na udongo. Hata ufundi wetu unaojulikana zaidi ni wa udongo: vyungu vya wanawake wa Kikisi vinavyouzwa kila Jumamosi katika soko la Lyulilo, vinavyopikiwa mpaka vivunjike, kisha vinanunuliwa vingine.

Sheria nayo inapenda mawe, tena mawe ya zamani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. La baada ya hapo linasubiri tamko la waziri. Nilipousoma mwaka huo niliucheka kidogo, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu miaka mibaya kupita yote kaskazini mwa ziwa letu ilikuja baada ya 1863.

Vuka Mto Songwe uingie Malawi, uende hadi Karonga, halafu ukate kuelekea bara, na utakuwa karibu na Mpata. Hapo katika miaka ya 1880 alikaa Mlozi, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa aliyetokana na misafara ya pwani. Mwaka 1887 yeye na wenzake waligeuka kuwavamia Wangonde, ambao ni ndugu wa damu na wa lugha wa Wanyakyusa. Mwezi Oktoba mwaka huo, katika bwawa la Kambwe, watu waliokuwa wamejificha kwenye matete walichomewa moto humo humo. Waliokimbia moto walikutana na risasi, na walioingia majini walikutana na mamba. Wengine walitekwa. Walionusurika wengi walikimbilia kaskazini, ng'ambo ya Songwe, yaani kwetu.

Mlozi alikuwa na ukuta. Boma lake lilikuwa la magogo yaliyokandikwa udongo, na mshirika wake Kopakopa alikuwa na la kwake la aina hiyo hiyo. Juni 1888 Frederick Lugard, Mwingereza ambaye baadaye alijulikana kwa utawala wa Uganda na Nigeria, alipigwa risasi akijaribu kuliingia boma la Kopakopa. Hata mzinga ulioletwa baadaye haukufua dafu: kombora lilipenya udongo likatokea upande wa pili, na ukuta ukabaki palepale. Ilikuwa mpaka Desemba 1895 ndipo Harry Johnston alipokuja na jeshi kubwa zaidi, boma la Mpata likaanguka na Mlozi akanyongwa Karonga.

Ukuta ulioshinda mizinga ulishindwa na mvua. Kwa hiyo nilipojiuliza ukuta wa watu wa ziwani uko wapi, nilianza kuufuata kule walikopelekwa watu wenyewe. Nikapanda boti kwenda Unguja.

*

Ukitaka kujua njia waliyopita, anza na Kilwa Kivinje. Mateka kutoka pande za Ziwa Nyasa walivushwa kwa majahazi ya ziwani au walizungushwa kwa miguu, wakakatiza nchi ya Wayao, wakafika Kilwa baada ya wiki nyingi za kutembea. Kilwa iliwapakia kwenda Unguja. Christopher Rigby, aliyekuwa balozi wa Uingereza huko, alimwambia David Livingstone kwamba watumwa 19,000 kutoka nchi ya Nyasa pekee hupita katika forodha ya Zanzibar kwa mwaka. Wanahistoria wanaendelea kubishana kuhusu hesabu za wakati ule. Kuhusu njia yenyewe hawabishani: katikati ya karne ya 19 Kilwa ndiyo iliyokuwa mlango mkuu, na ziwa letu lilikuwa kisima kilichochotwa.

Unguja walifanya nini? Vitabu vya shule vilitufundisha mashamba ya karafuu, na ni kweli. Lakini mji nao ulikuwa unajengwa. Tazama nyumba ya Mji Mkongwe kwa macho ya anayeijenga. Kuta nene za mawe ya matumbawe, yamechimbwa na kupasuliwa na mtu. Chokaa imetoka kwenye tanuu, rundo la magogo lililopangiliwa mawe juu yake na kuchomwa mpaka mawe yaive. Boriti za mikoko zimekatwa katika matope ya bahari, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya kale vya Unguja ni virefu na vyembamba. Kila kipande cha nyumba hiyo kilipita juu ya kichwa au bega la mtu kabla hakijafika mahali pake.

Mabega hayo yalikuwa ya nani? Neno lenyewe tunalo mpaka leo na tunalitumia bila kufikiri. Vibarua wengi wa Unguja ya wakati ule walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao kwa siku, wanawake kwa wanaume, na sehemu ya ujira wao ilirudi kwa bwana. Walibeba mawe, chokaa, maji na marobota ya bandarini. Mwanafunzi anayesema leo "nimepata kibarua" anatembea na kipande cha historia hiyo mdomoni.

Nilikwenda kwanza Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Anglikana. Soko la mwisho la watumwa lilikuwa hapo, na lilifungwa Juni 1873 baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba alioshinikizwa na Waingereza. Mwaka huo huo kanisa likaanza kujengwa kwenye kiwanja cha soko, likisimamiwa na Askofu Edward Steere, yule yule wa sarufi ya Kiswahili. Wengi waliolijenga walikuwa watu waliokombolewa utumwani, waliokuwa chini ya misheni. Mwongozaji hukuonyesha nguzo kumi na mbili karibu na mlango, zimesimamishwa kichwa chini, miguu juu. Inasimuliwa kwamba Steere alikuwa safarini, na mafundi, ambao hawakuwahi kuona nguzo za namna ile, waliziweka walivyoona inafaa. Aliporudi aliziacha.

Watalii wakacheka. Mimi nilisogea nikaweka kiganja kwenye nguzo mojawapo. Nilijisikia mjinga kidogo, lakini niliyekuja kwa ajili ya ukuta nilikuwa nimeupata. Steere amezikwa nyuma ya altare na kila mgeni hutajiwa jina lake. Waliozigeuza nguzo wanatajwa kwa kosa lao tu. Nikawaza: na kama halikuwa kosa? Mtu aliyetoka nchi ya mianzi, aliyevuka nusu ya Afrika akiwa na kamba shingoni, anaambiwa asimamishe jiwe lililochongwa. Anatazama ncha mbili. Anachagua. Huo ni uamuzi wa mjenzi, na ndio uamuzi wake pekee tuliobaki nao.

Nilipotoka nilishuka kwenye vyumba vya chini vilivyo jirani, vyenye giza na dari ya kuinamia, ambavyo wageni huambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo wakisubiri kuuzwa. Lakini jengo lililo juu yake ni la wamisionari na lilijengwa baada ya soko kufungwa, na ndiyo sababu baadhi ya wanahistoria wanaikataa hadithi hiyo. Pembeni yangu dada mmoja mtalii alikuwa analia. Sikuthubutu kumwambia lolote. Nilielewa kwamba hamu ya kupata ukuta wa kushika inaweza kuwa kubwa kiasi kwamba, ukuta ukikosekana, tunaukabidhi maumivu uliopo karibu. Mhadhiri wangu na dada yule walikuwa wanataka kitu kimoja.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Forodhani, kwenye Beit al-Ajaib. Barghash alilijenga mwaka 1883, wakati soko lilikuwa limefungwa lakini utumwa wenyewe bado ulikuwa halali. Zanzibar iliufuta kisheria mwaka 1897. Mwaka 2012 sehemu ya roshani yake ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa ukarabati, sehemu kubwa ya jengo ikaporomoka na watu wawili wakafa. Nchi nzima ilihuzunika, na ilistahili. Wataalamu walieleza magonjwa ya majengo ya namna hii: paa likivuja, maji huingia ndani ya ukuta na chokaa hurudi kuwa mchanga, ukiziba kwa saruji, unyevu unakosa pa kutokea na ukuta unaoza ukionekana mzima.

Niliyasoma yote hayo kwa makini. Zilizungumzwa fedha, ufundi, hadhi ya Urithi wa Dunia ambayo Mji Mkongwe uliipata mwaka 2000. Jengo likaitwa la sultani, la Zanzibar, la dunia nzima. Sikusoma mahali mtu aliposema ni la waliobeba mawe yake. Tunafahamu namna ya kutibu chokaa, na bado hatujajifunza kuandika kwenye kibao cha mlangoni sentensi moja tu: mawe haya yalibebwa na watu ambao wengi wao walitekwa bara, na ziwa la Nyasa ni mojawapo ya walikotoka.

*

Uhifadhi hufuata jiwe, na jiwe limelala kwa aliyeshinda. Hilo ndilo nililolileta kutoka Unguja. Mtumwa alichukuliwa kwenye nchi ya udongo akajenga kwenye nchi ya mawe. Leo nchi ya mawe ina makumbusho, na nchi ya udongo haina hata kibao.

Angalia orodha ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia ambayo Tanzania iliiwasilisha UNESCO mwaka 2006. Humo imo Njia Kuu ya Kati ya Watumwa na Pembe za Ndovu: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, Ujiji. Nafurahi imo. Lakini njia ya kusini, ya Ziwa Nyasa hadi Kilwa, iliyotoa watu wengi kiasi kile, haimo katika pendekezo hilo. Njia ya kati ina nyumba za kuonyesha, ikiwemo ile ya Kwihara aliyokaa Livingstone. Ya kusini ina mito ya kuvuka, mawe machache pale Kilwa, na watu.

Basi nikarudi kwa watu.

Babu yangu ana miaka themanini na kitu. Nilimkuta chini ya mwembe, akisuka kamba. Nilimsalimia, nikakaa, nikangoja aulize habari za masomo. Alipouliza nikamweleza kila kitu, mpaka nguzo zilizogeuzwa. Hilo lilimfurahisha. Kisha nikauliza nililokuja kuuliza.

"Babu, katika ukoo wetu, hakuna aliyekuja kwa njia ile?"

Mkono wake ulisimama kwenye kamba. "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Ni shule."

"Shule." Akaendelea kusuka. "Mwanangu, mtu akila kwenu, akalala kwenu, akazikwa kwenu, huyo ni wenu. Haulizwi alikotoka. Ukimwuliza, unamrudisha njiani."

Nilikuwa nimefundishwa kuuita ukimya huo pengo katika kumbukumbu, kitu cha kuzibwa kwa mahojiano. Chini ya mwembe ule niliona kwamba nao umejengwa. Umejengwa na watu waliopokea wageni waliotoroka misafara, au waliokimbia moto wa Kambwe, au wanawake waliopita mikononi mwa mabwana watatu wanne kabla hawajapata nyumba. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Moravian aliyeishi nyanda zetu za juu, aliandika maisha ya baadhi ya wanawake wa aina hiyo, na mwanahistoria Marcia Wright akayarudisha kwetu katika kitabu chake cha mwaka 1993. Ukiwasoma Narwimba na Chisi unaona hofu yao ilikuwa nini: kubaki bila ukoo wa kuwasemea, maana asiye na wa kumsemea alikuwa anauzika. Ukimya ulimpa mtu ukoo. Na hatari haikwisha mapema kama tunavyodhani. Wajerumani hawakuufuta utumwa. Waliamuru tu kwamba watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 ni huru. Aliyeufuta Tanganyika ni Mwingereza, mwaka 1922. Katika miaka hiyo yote, kusema "fulani alinunuliwa" lilikuwa neno la kumwondolea mtu shamba, ng'ombe na watoto.

Hata Unguja ilikuwa hivyo. Watu ambao wazee wao waliitwa Wanyasa, Wayao au Wamanyema walianza kujiita Waswahili, na baadaye wengi wakajiita kwa majina ya wenyeji wa kisiwa. Hawakusahau. Waliamua.

Kwa hiyo mimi na kinasa sauti changu tulikuwa nani? Mjukuu anayehifadhi, au mtu anayebomoa ukuta ambao bado watu wanaishi ndani yake?

Nilikizima, nikakirudisha mkobani. Babu aliona, hakusema kitu. Jua lilipopungua akaniomba nimsaidie kuhamisha mbuzi. Nilichukua kamba mpya, nikamshika dume, na kwa mazoea ya miaka yote nikapiga fundo mguuni.

"Unajua kwa nini mguuni?" akauliza.

Sikujua. Majirani zetu wengi hufunga shingoni. Kwetu siku zote ni mguuni, na nilidhani ni namna yetu tu, kama watu wengine wanavyopenda chai bila sukari.

"Bibi yangu hakukubali," akasema. "Hata ndama. Mtoto akifunga mnyama shingoni, yeye anatoka jikoni na kisu, anakata kamba, anarudi jikoni. Hasemi kitu. Baba akatufundisha mguuni. Nami nikamfundisha baba yako."

Alikuja akiwa msichana mdogo, akaendelea, kabla Wajerumani hawajajenga. Alitoka upande wa kule, na babu akaonyesha kwa kidevu, kusini, ng'ambo ya maji. Akaniambia alipojificha, mto aliouvuka, na nyumba iliyomfungulia. Nilimwuliza jina alilokuja nalo. Akatikisa kichwa.

"Andika njia," akasema. "Jina liache."

Nimeandika njia. Mto na nyumba nimeviacha nje ya makala hii, maana nyumba ile bado ina wenyewe. Katika tasnifu yangu napendekeza mambo matatu ya kawaida kabisa: njia ya kusini ipelekwe pamoja na ile ya kati, vibao vya Unguja na Kilwa viwataje waliobeba mawe na nchi walikotoka, na mahali ambapo hakuna mawe, wazee waulizwe kwanza wanataka kipi kihifadhiwe na kipi kiachwe, kisha wasikilizwe. Beit al-Ajaib ipate fundi mzuri na chokaa iliyoiva. Sina ugomvi na jiwe. Ninachokataa ni kwamba pasipo na jiwe hapakutokea kitu.

Niliporudi mbele ya jopo, kipengele cha "jengo au eneo linalohusika" hakikuwa wazi tena. Nilikuwa nimeandika: kamba ya mbuzi, mguuni, vizazi vinne. Mhadhiri yule aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniambia nieleze.